William Henry Lewis alikuwa kocha wa namna gani pale Harvard?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama kutoka Kigoma, sasa naishi Iowa. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, akisimama katikati ya safu ya mbele. Katika somo la historia ameandika insha kuhusu William Henry Lewis. Amesema kwamba Lewis ndiye Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa Harvard, kwamba alichezea vyuo viwili, na kwamba aliacha mpira kwa sababu ya ubaguzi akageukia uwakili. Mwalimu wake ameirudisha insha ikiwa na alama ya kuuliza pembeni ya kila moja ya sentensi hizo tatu. Mimi mwenyewe sielewi mtu anawezaje kuwa mwanafunzi wa sheria, mchezaji na kocha. Tena mwanangu ananiambia, 'Mama, kama Lewis aliweza yote, na mimi nitaweza.' Naogopa kumvunja moyo, na naogopa kumdanganya. Ukweli ni upi?"

Marahaba, mama. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, maana ndani yake kuna maswali mawili: la historia, ambalo lina jibu, na la malezi, ambalo ninaweza kukusaidia kulipima tu. Nianze na lile lenye jibu. Kati ya sentensi tatu za mwanao, ya kwanza si kweli, ya pili ni kweli kabisa, na ya tatu ina ukweli uliowekwa mahali pasipo pake. Mwalimu wake hakukosea kuweka alama za kuuliza, lakini kijana naye hakukosea kumchagua mtu huyu.

Lewis alizaliwa tarehe 28 Novemba 1868 huko Berkley, Virginia, eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Norfolk. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Alianza masomo ya juu katika chuo cha Weusi cha Petersburg, kilichokuwa kimeanzishwa miaka michache tu kabla, na kwa msaada wa John Mercer Langston, aliyewahi kukiongoza chuo hicho, akahamia Chuo cha Amherst, Massachusetts, mwaka 1888. Hapo Amherst aliingia kwenye timu pamoja na kijana mwingine Mweusi, William Tecumseh Sherman Jackson, na wote wawili wanahesabiwa miongoni mwa Weusi wa mwanzo kabisa kuchezea timu za vyuo vya Wazungu. Msimu wa 1891 wenzake walimchagua kuwa nahodha. Alipohitimu mwaka 1892, yeye pia ndiye aliyetoa hotuba kwa niaba ya darasa lake.

Kutoka Amherst alikwenda kusomea sheria Harvard, na hapo ndipo mwalimu wa mwanao, nadhani, alipotia shaka. Leo mchezaji wa chuo ana idadi maalumu ya misimu anayoruhusiwa kucheza, nayo inahesabiwa kwa makini. Miaka ya 1890 hapakuwa na chombo cha taifa zima cha kuhesabu. Kila chuo kilijitungia masharti yake au kupatana na mahasimu wake, na mwanafunzi wa sheria, wa udaktari au wa theolojia alikuwa mwanafunzi kama wengine, hata kama alikwisha kucheza miaka kadhaa mahali pengine. Kwa hiyo Lewis, akiwa na shahada yake ya Amherst mkononi, aliichezea Harvard misimu miwili, 1892 na 1893, bila kuvunja kanuni yoyote wala kumdanganya mtu. Kanuni zilibanwa baadaye, hasa baada ya mwaka 1906, kilipoanzishwa chama cha vyuo ambacho leo kinajulikana kama NCAA. Sentensi ya pili ya mwanao ibaki ilivyo, ila aongeze maneno mawili matatu ya kueleza kwa nini jambo hilo liliwezekana.

Kwa kuwa kijana wako anacheza nafasi ileile ya Lewis, ya senta, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, atapenda kujua senta wa wakati ule alikuwa akifanya nini, na akijua hilo ataelewa pia kwa nini Lewis alifaa kuwa mwalimu wa mchezo. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusonga mbele yadi 5 tu, yaani karibu mita nne na nusu. Kurusha mpira mbele hakukuruhusiwa hadi mwaka 1906. Ukimpa mtu majaribio matatu kwa hatua chache namna hiyo, na ukamkatalia kurusha, atafanya nini? Atawakusanya wenzake na kusukuma palepale katikati. Karibu kila jaribio liliishia kuwa msongamano wa miili juu ya kichwa cha senta. Zaidi ya hapo, eneo la wazi linalotenganisha safu mbili kabla ya mpira kuanza, ambalo mwanao analijua vizuri, halikuwapo bado. Nalo lilikuja na mageuzi ya 1906. Senta aliinama juu ya mpira huku mpinzani akiwa amemkaribia kiasi cha kusikia pumzi yake, na hakuna aliyevaa chapeo ngumu. Wachezaji walifuga nywele ndefu ziwe kinga ya kichwa.

Sasa mweke Lewis mahali hapo, mtu wa ratili kama 175, yaani kilo 79 hivi, uzito ambao hata kwa wakati ule ulikuwa mdogo kwa nafasi yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kushinda kwa kifua. Atashinda kwa kuanza mapema nukta moja, kwa kuliweka bega chini ya bega la mwenzake, kwa kujua mguu upi utangulie na mzigo wa mwili uelekee wapi. Ni ujuzi ambao mtu hawezi kuutumia miaka mitano bila kuutafakari, na akishautafakari anaweza kuufundisha. Katika miaka yote miwili ya Harvard, 1892 na 1893, Lewis aliteuliwa kuwa senta wa kikosi bora cha vyuo vya Marekani nzima, naye ndiye Mweusi wa kwanza kuteuliwa hivyo. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa 1893, dhidi ya Pennsylvania, nahodha hakuweza kucheza na Lewis akapewa unahodha wa siku hiyo.

Ipo siku moja ningependa mwanao aitaje. Novemba 1892, huko Springfield, Massachusetts, Harvard ilikutana na Yale, na Lewis alikuwa senta. Kipindi cha pili kilipoanza, Harvard ilijigawa makundi mawili yaliyosimama mbali nyuma, kila moja upande wake. Makundi hayo yakaja mbio, yakaungana na kuwa kabari, mwenye mpira akiwa amefichwa ndani yake, na kabari hiyo ikawavaa Yale. Aliyebuni jambo hilo, Lorin Deland, hakuwa mchezaji, alikuwa mtu aliyependa kusoma mbinu za vita. Yale walishinda 6 kwa 0 hata hivyo, lakini mbinu ilienea haraka, ikaumiza watu wengi na ikapigwa marufuku mwaka 1894. Nakueleza hili ili uone kwamba Lewis alipitia mchezo huu wakati ukiwa katika hali yake ya kikatili kuliko zote, na bado kitabu alichokiandika miaka minne baadaye kinashughulikia ujuzi.

Kitabu hicho, A Primer of College Football, kilichapishwa na Harper & Brothers mwaka 1896 na kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya kufundishia futiboli ya vyuo. Kwa maoni yangu ndicho ushahidi bora kuliko wote wa kazi yake ya ukocha. Mwanao akikitafuta, na kwa umri wa kitabu chenyewe si vigumu kukipata bure kwenye maktaba za mtandaoni kwa kuwa hakina tena haki miliki, asome sehemu za kuzuia na za kupenya safu, kisha afananishe na anayofundishwa mazoezini. Insha yake itapata uhai ambao hawezi kuupata kwa kunakili wasifu.

Sasa nije kwenye sentensi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kosa. Lewis hakuwahi kuwa kocha mkuu wa Harvard. Alipomaliza sheria mwaka 1895 aliombwa abaki kuwafundisha vijana, akawa kocha msaidizi, hasa wa safu ya mbele, hadi mwaka 1906. Hapa neno "kocha" lenyewe ndilo linalotupotosha, kwa sababu sisi tunalisoma kwa macho ya leo. Mwanao anamwona kocha mwenye mkataba na mshahara ambaye maisha yake yote ni mpira. Katika Harvard ya wakati ule ukocha mkuu ulikuwa karibu na heshima ya kupokezana: mhitimu, mara nyingi nahodha wa zamani, aliitwa aongoze msimu mmoja au miwili, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Kati ya 1895 na 1906 watu wanane tofauti walishika nafasi hiyo: Emmons, Waters, Forbes, Dibblee, Reid, Farley, Cranston na Wrightington, kisha Reid akarudi tena. Mmoja wao, Bertram Waters, alikuwa amecheza bega kwa bega na Lewis.

Tazama inamaanisha nini. Kocha mkuu alikuja na kuondoka, na Lewis alikuwapo. Kijana aliyeingia kwenye safu ya mbele mwaka 1898 na yule aliyeingia mwaka 1905 walikuwa na makocha wakuu tofauti, lakini wote walipita mikononi mwa mtu mmoja. Ndani ya miaka hiyo Harvard ilimaliza misimu mitatu bila kufungwa hata mechi moja: 1898 ilishinda zote 11, 1899 ilishinda 10 na kutoka sare na Yale, na 1901 ilishinda zote 12. Yale walilazwa 17 kwa 0 mwaka 1898 na 22 kwa 0 mwaka 1901. Sisemi kwamba ushindi huo ulikuwa wa Lewis peke yake. Lakini katika mchezo ambao kila yadi ilitafutwa katikati ya safu, mtu aliyewafundisha watu wa katikati hakuwa wa pembeni. Ni haki pia kukumbuka kwamba kuanzia 1902 hadi 1906 Harvard haikupata hata pointi moja dhidi ya Yale, na insha ya kweli iyaweke yote mawili.

Je, alinyimwa ukocha mkuu kwa sababu ya rangi yake? Wote wanane walikuwa Wazungu waliotoka Harvard. Mtu anaweza kujibu kwamba shahada ya kwanza ya Lewis ilikuwa ya Amherst na kwamba alikuwa na kazi ya sheria, na sababu hizo zina uzito wake. Hata hivyo, mtu aliyethibitika kuwa mwalimu bora, aliyedumu kuliko wote, na ambaye cheo kilimpita mara tisa, sioni namna ya kumweleza na kuiacha rangi nje ya maelezo. Hayo ni maoni yangu, na mwanao akiyatumia ayaandike kama maoni.

Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika chuo cha Wazungu ni mtu mwingine, Matthew Bullock, aliyewahi kuichezea Dartmouth. Mwaka 1904 alikabidhiwa timu ya Chuo cha Kilimo cha Massachusetts, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Massachusetts, katika mji uleule wa Amherst ambako Lewis alikuwa nahodha. Bullock naye alisomea sheria Harvard, akiiongoza timu kwa mkono mmoja na kushika vitabu kwa mkono wa pili. Kwa hiyo kijana asifute wazo lake, alihamishie kwa mwenyewe, Bullock.

Tubaki na sentensi ya tatu, kwamba Lewis aliacha mpira kwa sababu ya ubaguzi. Ubaguzi alikutana nao kweli, na mapema. Akiwa bado mwanafunzi wa sheria, kinyozi mmoja Mzungu wa Cambridge, mji kilipo chuo cha Harvard, alikataa kumhudumia. Hebu fikiri, mama: jina lake limeandikwa magazetini kama senta bora wa nchi nzima, anaketi ili anyolewe, na anaambiwa hapana. Lewis alilipeleka jambo hilo mbele ya bunge la jimbo, na mwaka 1893, mwaka uleule aliokuwa nahodha wa siku moja, sheria ya Massachusetts dhidi ya ubaguzi katika maeneo ya umma ilipanuliwa ikawagusa na vinyozi. Utaona kwamba sheria haikuwa mahali alipokimbilia baada ya mpira kumkataa. Sheria na mpira vilikwenda pamoja tangu mwanzo, na kwa miaka 11 alikuwa wakili aliyefundisha mpira kila msimu ulipofika. Katikati ya miaka hiyo alichaguliwa kuwa diwani wa Cambridge, kisha mjumbe wa bunge la jimbo, na mwaka 1903 Rais Theodore Roosevelt akamteua kuwa msaidizi wa mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko Boston. Mwaka 1907 alipewa kusimamia ofisi ya uraia kwa eneo zima la New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki. Ukocha uliishia hapo kwa sababu kazi ilimzidi, na kwa sababu ukocha wenyewe ulikuwa umeanza kuwa kazi ya kutwa nzima: Bill Reid aliporudishwa mwaka 1905 alilipwa dola 7,000, malipo yaliyopita ya maprofesa wa chuo hicho.

Kilele cha utumishi wake kilikuja mwaka 1911, Seneti ilipomthibitisha kuwa msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani kwa uteuzi wa Rais Taft, wadhifa wa juu kuliko wowote ambao Mweusi alikuwa ameshika katika serikali kuu kwa kuteuliwa. Mwaka uleule Chama cha Mawakili cha Marekani kilimpokea kuwa mwanachama, na kilipogundua kwamba ni Mweusi kikataka kumtoa. Lewis alikataa kujiuzulu, na mkubwa wake, Mwanasheria Mkuu George Wickersham, aliwaandikia maelfu ya wanachama kumtetea. Alibaki. Aliondoka serikalini mwaka 1913, akaendelea na uwakili Boston hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1949. Jumba la heshima la futiboli ya vyuo lilimwingiza mwaka 2009, miaka 60 baada ya kifo chake.

Sasa lile swali la pili, la "na mimi nitaweza". Usimvunje moyo, kwa sababu anachokisema hakina upuuzi. Lakini mwonyeshe Lewis alikuwa na nini ambacho yeye hana, na yeye ana nini ambacho Lewis hakuwa nacho. Lewis hakulazimika kuchagua kati ya mazoezi ya mwaka mzima na darasa. Mpira wake ulikuwa wa majira ya mapukutiko, basi. Leo timu kubwa za vyuo humtaka kijana karibu miezi yote. Kwa upande mwingine, vyuo viwili vya Lewis vipo bado na vyote vina timu, na hakuna hata kimoja kinachotoa ufadhili kwa sababu ya michezo. Vinatoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia. Kwa mama wa kipato cha kawaida hilo linaweza kuwa jambo jema, maana kijana akiumia au akiacha kucheza, msaada wa masomo hauondoki naye. Akitamani vyuo vikubwa vya mpira, kuna masomo 16 ya msingi ambayo lazima ayapite sekondari, na si ya kusubiri mwaka wa mwisho. Nenda shuleni mwenyewe, uonane na mshauri wa masomo, umwombe akuonyeshe orodha hiyo na alama za mwanao kando yake. Una haki ya kuomba mkalimani ukimhitaji.

Kuna jambo moja ambalo si la kusubiri mshauri. Senta hugongwa kichwa karibu kila jaribio linapoanza. Akirudi nyumbani analalamika kichwa kuuma, anatapika, anasahau yaliyotokea uwanjani, haoni vizuri, anasinzia isivyo kawaida au amebadilika tabia, asirudi uwanjani siku hiyo hata akiapa kwamba ni mzima. Mpeleke kwa daktari, na asicheze tena hadi daktari aruhusu. Akizimia, akipata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi kila saa, piga 911 papo hapo. Maswali ya muda mrefu, kama vile miaka mingapi ya kugongwa ni mingi mno kwa mtoto kama wako, yazungumze na daktari anayemjua, ana kwa ana.

Kuhusu insha, kama mwalimu atataka ushahidi zaidi, mkutubi wa shule anaweza kumsaidia kuandikia hifadhi za nyaraka za Amherst au za Harvard. Hujibu wanafunzi, hasa swali likiwa fupi na mahususi. Na mahali pa ile sentensi ya kwanza aandike hivi: William Henry Lewis hakuwa kocha mkuu wa Harvard, bali kwa misimu 12, huku makocha wakuu wanane wakija na kuondoka, yeye ndiye aliyeifundisha safu ya mbele.